Namna ya Kusoma na Kutazama Vichekesho vya Kijapani vya Kuhamishiwa Ndani ya Mchezo

Katika miaka ya karibuni Japani imezaa hadithi nyingi mno za mtu wa kawaida anayekufa au kugonga kichwa, kisha akazinduka katika ulimwengu unaoendeshwa kwa sheria za mchezo wa video. Huko ana ngazi za kupanda, ana alama za uzoefu za kukusanya, ana mfalme wa mashetani wa kumshinda, na mara nyingi nguvu zake zote huandikwa mbele ya macho yake kwa tarakimu. Hadithi hizi ni sehemu ya utanzu mkubwa uitwao isekai, na nyingi kati yake ni za vita na kisasi. Mwongozo huu unahusu tawi la vichekesho, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloujua mchezo kwa undani kuliko matawi mengine, kwa sababu mtunzi hawezi kuifanyia mzaha sheria asiyoielewa.

Nimewaandikia hasa wale waliowahi kujaribu sehemu moja ya hadithi ya aina hii wakatoka bila kucheka. Walichokiona ni kijana, mungu wa kike anayelia, vyura wakubwa na kelele nyingi. Hawakukosea kuona kelele, kwani kichekesho hiki hakieleweki mpaka mtu aijue kanuni inayovunjwa, na kanuni zenyewe mtunzi hazielezi. Anachukulia kwamba msomaji amekua nazo. Kazi ya kwanza, basi, ni kuzijua.

Anza na mchezo wenyewe

Huhitaji kuwa mchezaji hodari, wala kumiliki mashine ya michezo. Chemchemi kuu ya kanuni hizi ni Dragon Quest, mchezo uliotolewa na kampuni ya Enix tarehe 27 Mei 1986 kwa ajili ya mashine ya Famicom ya Nintendo. Yuji Horii aliubuni, Akira Toriyama akachora mazimwi yake, na Koichi Sugiyama akautungia muziki. Horii alikuwa amevutiwa na michezo ya Kimarekani ya Wizardry na Ultima, yote miwili ya mwaka 1981, akaurahisisha mtindo wake ili hata mtoto ambaye hajawahi kushika mchezo wa namna hiyo aweze kufuata.

Zitazame sasa sheria za mchezo huo kwa jicho la mtu mzima. Mfalme anamwita kijana, anamkabidhi jukumu la kuuokoa ulimwengu mzima, kisha anamwachia sarafu 120 za dhahabu. Kijana anashuka mjini na kukuta upanga wa shaba unauzwa sarafu 180. Kwa hiyo mwokozi wa ulimwengu anatoka kwenda vitani akiwa na rungu la sarafu 60, au fimbo ya mwanzi ya sarafu 10. Akiuawa huko nje, anazinduka mbele ya kiti cha enzi, na mfalme, badala ya kumpa pole, anamkaripia kwa kufa; mfuko wake unakutwa umepungua nusu. Adui wa kwanza anayekutana naye ni tone la buluu lenye tabasamu, na tone hilo likiuawa huacha fedha, bila mtu yeyote kuuliza lilizipata wapi na lilikusudia kununua nini. Watoto wa Japani waliyakubali mambo haya yote kama mtu anavyokubali kwamba jua huchomoza asubuhi. Walipokuwa watu wazima wakaanza kuandika, wapo waliofanya jambo moja rahisi lenye matunda mengi: walimwingiza humo mtu aliye hai, mwenye njaa na aibu, akaanza kuuliza kwa nini.

Ipo sheria nyingine inayostahili kujulikana mapema, nayo ilikuja na mchezo wa tatu wa mfululizo huohuo, uliotoka tarehe 10 Februari 1988. Humo mchezaji huenda kwenye baa na kuwachagua wenzake wa safari kwa kazi zao: askari, kuhani, mchawi, mfanyabiashara, na mmoja ambaye kazi yake ni kucheza tu. Huyu wa mwisho, vita vikipamba moto, huweza kuacha kupigana na kufanya upuuzi wake huku zamu yake ikipotea bure. Hata hivyo, akivumiliwa mpaka ngazi ya 20, anaweza kugeuzwa kuwa mwanahekima, cheo ambacho wengine hawakipati bila kitabu maalumu. Mwenzi asiye na faida ambaye bado kundi linambeba, kwa matumaini au kwa mazoea, ni babu wa wahusika wengi utakaowakuta katika vichekesho vya leo. Ukimjua babu huyo, wajukuu hawatakushangaza.

Njia bora ya kujiandaa ni kutenga jioni moja. Cheza saa ya kwanza ya mchezo wowote wa zamani wa mtindo huu, ambao mingi imehamishiwa kwenye simu, au mtazame mtu mwingine akiucheza kwenye video. Huku ukitazama, jiulize jinsi fedha inavyopatikana, kifo kinavyogharimu, kazi za wahusika zinavyochaguliwa na wanakijiji wanavyozungumza. Hili la wanakijiji usilipuuze: katika michezo hii kila mmoja ana sentensi yake moja au mbili ambazo huzirudia kila unapomsogelea, na vichekesho vingi hupata sehemu yake nzuri pale shujaa anapotarajia mtu wa namna hiyo, akakutana na karani mwenye haraka au mama mwenye nyumba anayedai kodi.

Tambua uko ndani ya mchezo wa aina gani

Si kila ulimwengu wa mchezo unafanana, na mtu anayeichanganya hupoteza nusu ya utamu. Aina ya kwanza ni ile niliyoieleza, yenye shujaa, chama cha wajasiri kinachogawa kazi za kuwinda mazimwi, na mfalme wa mashetani. Ya pili ni mchezo wa mtandaoni, ambamo maelfu ya watu halisi walikuwa wakicheza pamoja kwa wahusika waliojitengenezea. Hapa kichekesho huzaliwa na pengo kati ya mchezaji na sura aliyoivaa. Overlord, riwaya ya Kugane Maruyama, ingawa sehemu yake kubwa ni ya giza na ukatili, ina mfano mzuri sana wa pengo hilo: mfanyakazi wa kawaida wa ofisini anabaki amenaswa katika mwili wa mfalme wa mifupa, na watumishi wake waaminifu wanachukulia kila neno lake la kubabaisha kuwa mpango wa kina wa miaka mingi. Hana la kufanya ila kuitikia kwa kichwa na kuwataka wao wenyewe wawaeleze wenzao mpango huo, ili na yeye apate kuusikia.

Aina ya tatu ni michezo ya mapenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya wasichana, iitwayo otome, na hiyo nitaitengea sehemu yake kwa sababu imezaa baadhi ya kazi ninazozipenda kuliko zote.

Zipo pia hadithi ambazo, tukisema kwa ukali, hazimo ndani ya mchezo wowote. Ulimwengu wake ni wa kweli kwa wanaouishi, ila unaendeshwa kwa ngazi na alama kama mchezo. Usisumbuke na mpaka huo. Watunzi wenyewe huuvuka watakavyo, na kwa shughuli ya kucheka, kanuni ni zilezile.

Msikilize anayejibu

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alibebe kuliko mengine yote. Vichekesho vya Kijapani vina mfumo wa zamani wa jukwaani uitwao manzai, ambamo watu wawili husimama na kuzungumza kwa kasi. Mmoja husema au hutenda upuuzi, naye huitwa boke. Mwingine, aitwaye tsukkomi, humrudi papo hapo, akimwonyesha upuuzi wake kwa sauti ya mshangao au hasira. Mtindo wa mazungumzo tunaoujua leo ulitiwa nguvu Osaka katika miaka ya 1930 na Yokoyama Entatsu na Hanabishi Achako, na tangu hapo umeingia katika redio, televisheni, vibonzo na riwaya. Msikilizaji wa Kijapani hacheki kwa upuuzi peke yake. Anangoja jibu, na jibu likichelewa hata kidogo, kicheko nacho hupotea.

Ichukue KonoSuba ya Natsume Akatsuki, ambayo ilianza kuchapwa kwenye tovuti ya riwaya mwaka 2012 na kutoka kama kitabu mwaka 2013. Kazuma Sato, kijana aliyejifungia nyumbani na michezo yake, anamsukuma msichana akidhani anamwokoa na lori. Kumbe ni trekta lililokuwa likienda taratibu, na Kazuma amekufa kwa mshtuko wa moyo wake mwenyewe. Msomaji aliyezoea utanzu huu anajua kwamba lori ndilo usafiri wa kawaida wa mashujaa kwenda ulimwengu mwingine, kwa hiyo kulibadilisha kuwa trekta ni kuipiga kanuni mahali inapouma. Mungu wa kike, Aqua, anampokea na kumcheka. Kazuma anaruhusiwa kuchukua kitu kimoja cha kumsaidia huko aendako, awe na silaha takatifu au kipaji cha ajabu. Kwa hasira anamchagua Aqua mwenyewe. Anapofika anagundua kwamba amebadilishana upanga wa miujiza na mlevi anayelia kwa kila jambo dogo.

Kundi linakamilika kwa wengine wawili. Megumin ni mchawi anayejua uchawi mmoja tu, mlipuko mkubwa kuliko yote duniani, na akishaupiga mara moja anaanguka chini asiweze kusogea hadi siku inayofuata. Darkness ni askari mwenye mwili mgumu kujeruhiwa na upanga usiompata mtu. Watatu hawa ni boke kwa namna tatu tofauti, na Kazuma peke yake ndiye tsukkomi wa wote. Unaposoma au kutazama, mfuate yeye. Ona jinsi anavyomjibu Aqua kwa ukali na Megumin kwa uchovu, na jinsi anavyoanza kumjibu Darkness kisha akakata tamaa katikati ya sentensi. Uzuri wa kazi hii unaongezeka pale nafasi zinapogeuka, Kazuma mwenyewe akajipalia makaa kwa tamaa au uvivu wake, na wale watatu wakapata nafasi adimu ya kumrudi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Kazuma si mgeni kabisa. Ni wa ukoo mmoja na Abunuwasi: hana nguvu, hana cheo, na hushinda kwa kusikiliza maneno ya kanuni kwa makini kuliko yule aliyeitunga. Stadi ndogo ambazo wajasiri wengine wanazidharau, kama kutoa maji kidogo au upepo kidogo, yeye huziunganisha mpaka zikawa mtego. Sehemu hizo zisome polepole, kwa sababu mtunzi huwa amekwisha kuitaja kila stadi kurasa nyingi nyuma, kwa sauti ya kawaida, ili usiitilie maanani.

Tarakimu nazo huzungumza

Wasomaji wengi huruka majedwali ya nguvu za wahusika, wakiyaona ni mapambo. Katika hadithi nzito kuyaruka hakudhuru sana. Katika vichekesho ni kosa, kwa kuwa mara nyingi utani wote uko ndani ya safu moja ya tarakimu. Aqua, kwa mfano, anapimwa na kukutwa ana uwezo mkubwa ajabu katika kila kitu isipokuwa akili na bahati. Karani wa chama anashangilia. Baadaye Kazuma anatafakari kwamba nguvu za mungu huyo zimekwisha kufika kikomo, hivyo hazitaongezeka hata akipanda ngazi ngapi, na anafahamu kwamba akili yake nayo itabaki hapohapo daima. Hakuna aliyetukana. Sheria ya mchezo imetoa hukumu yake kwa utulivu, na kwa kuwa ni sheria, haina rufaa.

Linganisha na Bofuri ya Yuumikan, iliyoanza mtandaoni mwaka 2016. Hapa hakuna anayekufa wala kuhamishwa. Msichana anavaa kifaa na kuingia mchezoni kama wachezaji wengine. Kwa kuwa hapendi maumivu, anaweka alama zake zote kwenye ulinzi, mpaka anakuwa mzito asiyeweza kukimbia lakini asiyejeruhika. Uamuzi wake ni sawa kabisa na wa Megumin, aliyeweka alama zake zote kwenye mlipuko, ila matokeo yanapingana: Megumin anakuwa mzigo, na msichana wa ulinzi anakuwa kiumbe wa kutisha ambaye wasimamizi wa mchezo wanalazimika kubadilisha sheria ili kumdhibiti. Ukizisoma kazi hizi mbili kwa kufuatana, utaona kwamba mfumo wa alama ni chombo cha kupima tabia. Alama ni chache, kila mtu anazigawa kadiri ya anachokipenda au anachokiogopa, na akishazigawa hawezi tena kuificha nafsi yake.

Binti hasidi na mwisho wake mbaya

Michezo ya otome ilianza na Angelique, uliotengenezwa na kundi la Ruby Party la kampuni ya Koei mwaka 1994. Mchezaji huwa msichana mwema, na kazi yake ni kuchagua maneno na matendo yatakayomkaribisha kwa mmoja wa wanaume kadhaa; kila mwanaume ana njia yake na mwisho wake. Riwaya za mtandaoni zilichukua umbo hili na kumtia nguvu mtu ambaye katika michezo halisi ni nadra kumkuta kwa ukamilifu wake: binti wa ukoo mkubwa, mwenye kiburi na wivu, anayemtesa msichana mwema na mwishoni kufukuzwa nchini au kuuawa. Kisha likaja wazo zuri. Je, mtu aliyeucheza mchezo huo akazinduka akiwa ndiye binti hasidi, miaka kadhaa kabla ya hukumu?

Kazi ya kuanzia hapa ni ile inayojulikana kwa kifupi kama Hamefura, ya Satoru Yamaguchi, iliyoanza mtandaoni mwaka 2014 na kufanywa anime, yaani katuni ya Kijapani ya kutazama, yenye sehemu 12 mwaka 2020. Katarina Claes anagonga kichwa akiwa na umri wa miaka minane, akakumbuka kwamba katika maisha yaliyopita alikuwa mwanafunzi wa Kijapani aliyependa michezo, na kwamba njia zote za mchezo huu zinamwishia yeye kwa kufukuzwa au kufa. Anafanya maandalizi. Kwa kuwa huenda akafukuzwa, anajifunza kulima mboga ili asife njaa huko uhamishoni. Kwa kuwa mchumba wake, mwana wa mfalme, anachukia nyoka, anatengeneza nyoka wa bandia wa kumrushia siku ya hatari. Maamuzi magumu huyapeleka kwenye baraza la kichwani mwake, ambamo Katarina wadogo kadhaa wenye vyeo tofauti hujadili kwa uzito mkubwa na kuafikiana juu ya upuuzi.

Soma hadithi hii ukiwa na ramani mbili mkononi. Ya kwanza ni ya mchezo wa awali: nani alipaswa kumpenda nani, na kwa sababu ya jeraha gani la utotoni. Ya pili ni ya mambo yanavyokwenda kweli. Katarina, kwa wema wake na kwa kula kwake keki bila adabu za kitajiri, anawaponya watoto wale majeraha yao kabla msichana mwema hajafika, na kila mmoja anampenda yeye. Yeye peke yake halioni hilo, maana bado anaisoma ramani ya kwanza. Msomaji anayezifuata zote mbili atacheka mahali ambapo hakuna mzaha wowote uliosemwa, pale mtu anapomwangalia Katarina kwa macho ya mapenzi naye akahesabu nyoka wake. Nami naipenda kazi hii kwa sababu nyingine pia. Ni nadra kupata kichekesho ambamo mhusika mkuu hamdhalilishi yeyote, na kicheko chote kinatokana na wema uliopita kipimo.

Chagua umbo linalokufaa

Hadithi moja huweza kupatikana kwa maumbo manne: mfululizo wa mtandaoni, riwaya nyepesi yenye michoro, kibonzo cha manga, na anime. Nyingi huzaliwa kwenye tovuti ya Shosetsuka ni Naro, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambapo yeyote anaweza kuchapa na yeyote anaweza kusoma bila malipo. Asili hiyo inaeleza mambo mengi yanayowasumbua wasomaji wapya. Majina ni marefu kama sentensi nzima kwa sababu kwenye orodha ya maelfu ya kazi, jina ndilo tangazo pekee. Sura ni fupi na kila moja ina utani wake, kwani mtunzi alizitoa moja moja kwa wasomaji ambao wangeweza kuondoka wakati wowote. Mambo hurudiwarudiwa, kwa kuwa msomaji wa leo huenda aliiacha hadithi wiki mbili zilizopita. Usisome juzuu nzima kwa mkupuo. Sura mbili au tatu kwa kikao kimoja ndicho kipimo ambacho hadithi hizi zilitungiwa, na zikizidi hapo, masikio huchoka na utani mzuri hupita bila kusikika.

Kwa KonoSuba, napendekeza anime kwanza. Msimu wa kwanza ulitoka Januari 2016 kutoka studio ya Deen, ukiongozwa na Takaomi Kanasaki, nao una sehemu 10 tu. Wachoraji waliacha nyuso za wahusika zipinde, zivimbe na kukunjamana kwa makusudi, jambo ambalo baadhi ya watazamaji hulidhania uzembe. Uso wa Aqua anapolia ni sehemu ya mzaha sawa na maneno yake. Tazama kwa sauti ya Kijapani na manukuu, angalau mara ya kwanza, kwani kasi ya majibizano kati ya Jun Fukushima, anayemwigiza Kazuma, na Sora Amamiya, anayemwigiza Aqua, ndiyo manzai niliyoieleza hapo juu, na haiwezi kusikika ikiwa sauti imebadilishwa. Kama unasoma polepole, simamisha picha. Ni heri kusimamisha kuliko kukosa jibu.

Kwa hadithi za binti hasidi, riwaya na anime zote zinafaa. Manga ni njia ya kati kwa asiyependa kusoma kurasa nyingi, ingawa mizaha inayotegemea mawazo ya ndani hubanwa na nafasi ndogo ya viputo vya maneno.

Ya kuyachuja

Kwa ukweli, sehemu ya utanzu huu haifai kwa kila mtu, na nyingine haifai kwa mtu yeyote. Vichekesho vingi vya aina hii hutegemea miili ya wasichana na nguo zao za ndani, na hata KonoSuba imo katika lawama hiyo. Stadi ya kuiba ya Kazuma hutumika kwa mzaha huo mapema kabisa. Naiona kuwa sehemu dhaifu ya kazi hiyo, nami nisingempa mtoto bila kuitazama kwanza. Hamefura na Bofuri hazina tatizo hilo kwa kiasi cha kusumbua.

Jambo la pili la kuchuja ni shujaa asiyeshindwa. Ukikuta hadithi inayojiita ya kuchekesha, na katika sura tatu za mwanzo shujaa hajakosa fedha wala hajaaibika hata mara moja, iweke chini. Sheria ya mchezo huchekesha pale inapombana mtu, na yule anayeivunja kwa nguvu zake bila gharama hana kinachombana. Bofuri inaonekana kuwa kinyume cha kanuni hii, lakini humo wanaobanwa ni wasimamizi wa mchezo, na kicheko kinahamia kwao.

Zipo pia hadithi ambazo zinaiga umbo lote, lori, mungu wa kike, tarakimu, bila kuwa na swali lolote la kuuliza. Kuzitambua ni rahisi: ondoa tarakimu kichwani mwako uone kama sura bado ina jambo. Isipokuwa nalo, hata zikirudishwa haitakuwa nalo.

Ukishazoea

Baada ya kazi hizo, zipo mbili ninazowapendekezea waliokwisha kuzoea, kwa sababu zinamleta mtu mzima katika nafasi iliyozoeleka kuwa ya kijana. Ya kwanza ni Akuyaku Reijo Tensei Oji-san ya Michiro Ueyama, iliyofanywa anime mwaka 2025. Mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 52 anazinduka akiwa binti hasidi wa mchezo wa otome. Anajitahidi kuwa mkali kama jukumu linavyotaka, lakini kila anapofungua kinywa hutoka adabu za ofisini na huruma za baba mwenye binti, nao mchezo unazigeuza kuwa madaha ya kitajiri. Hii ifuate baada ya Hamefura tu, kwa kuwa inachukulia kwamba msomaji anajua binti hasidi anavyopaswa kusema.

Ya pili ni Isekai Ojisan, manga iliyoanza mwaka 2018 na kufanywa anime mwaka 2022. Humo safari imekwisha kumalizika. Mjomba aliyegongwa na lori mwaka 2000 akiwa na miaka 17 anazinduka hospitalini mwaka 2017, na kumsimulia mpwa wake aliyoyaona huko. Katika ulimwengu ule alipendwa na wasichana kadhaa asijue, kwa sababu aliuona kupitia michezo ya kampuni ya Sega aliyoipenda, na humo hakuna kilichomfundisha kuusoma moyo wa mtu. Moja ya habari za kwanza anazozitaka ni jinsi vita vya mashine za michezo vilivyokwisha, na jibu la mpwa wake linamwangusha kuliko lori. Kulielewa anguko hilo kunahitaji historia kidogo: Sega ilitoa Mega Drive mwaka 1988, Saturn mwaka 1994 na Dreamcast mwaka 1998, kisha mwaka 2001 ikaacha kabisa kutengeneza mashine za nyumbani. Zitafute picha za mashine hizo tatu na uone michezo yake michache kabla ya kufungua sehemu ya kwanza, kwani mjomba huyo huzitaja kwa majina na hangoji mtu.